Mjomba wa Jane, Mama wa Swema

Huku kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Mmakonde atakutajia litawa, yaani ukoo, la mama yake, Mmakua vivyo hivyo, na Myao naye, hata kama baba ndiye anayenunua sare za shule na jina lake ndilo lililoandikwa kwenye daftari la mwalimu. Anayesimama nyuma ya mtoto ni mjomba. Likija shauri la ndoa, mjomba aitwe. Likija deni, mjomba aitwe. Msichana akitoka unyagoni, watu wote wa hapa Makote wanajua ni mpwa wa nani. Kwa hiyo wanangu, nikiwaambia kwamba kuna kitabu kilichotoka London mwaka 1847, na kitabu kizima kinaanzia kwenye dhuluma aliyofanyiwa mtoto wa dada, naamini ninyi mtakielewa upesi kuliko wasomaji wengi wa huko kilikoandikwa.

Kitabu hicho kinaitwa Jane Eyre, na Jane Eyre ndiye msichana mwenyewe anayejisimulia. Baba yake alikuwa kasisi maskini. Mama yake alitoka nyumba ya wenye mali, akaolewa na mtu aliyempenda, na wazazi wake wakamnyima urithi kwa hasira. Baba akapata homa ya kuambukiza alipokuwa akiwatembelea maskini wa mjini, mama naye akaipata, na ndani ya mwezi mmoja wote wawili wakafa. Kikabaki kitoto kichanga. Nani alikichukua? Mjomba. Bwana Reed, kaka wa marehemu, alimpeleka mpwa wake nyumbani kwake Gateshead na akampenda kuliko alivyowapenda wanawe mwenyewe. Kisha naye akaugua. Alipokuwa karibu kukata roho alimwita mkewe, akamwapisha kwamba atamlea Jane kama mtoto wa tumbo lake. Mke akaapa, mume akazikwa.

Kishikeni kiapo hicho, maana wengi hukisoma na kukipita.

Hadithi inapoanza Jane ana miaka 10 na mjomba amekwisha kufa miaka tisa. Mkewe anamlisha na kumvisha, na anamchukia. Binamu yake John Reed, kijana wa miaka 14, anamkuta amejificha nyuma ya pazia na kitabu. Anamwambia vitabu vyote vya nyumba ni vyake yeye John, kwamba Jane hana mali, baba yake hakumwachia kitu, na stahili yake ni kuombaomba. Kisha anachukua kitabu kilekile na kumpiga nacho. Jane anaanguka, kichwa kinagonga mlango, damu inatoka. Safari hii hanyamazi. Anamwambia usoni kwamba yeye ni kama muuaji, kama msimamizi wa watumwa. Wanapigana. Wakubwa wanapofika, anayeadhibiwa ni Jane: anafungiwa peke yake katika chumba chenye mapazia mekundu, chumba ambacho ndani yake mjomba alifia.

Hapo ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote katika kitabu hiki. Usiku unaingia, mvua inapiga madirishani, na mtoto anaanza kumfikiria mjomba wake. Anajua kwamba mjomba angekuwa hai asingetendewa hivi. Anawaza kuwa labda wafu ambao wosia wao umevunjwa hurudi duniani kumtetea aliyeonewa. Mara anaona mwanga unatembea ukutani. Anapiga kelele mpaka anazirai. Msichana wa huku Newala aliyemwona bibi yake akinyunyiza unga chini ya mti na kuwaita wazee waliotangulia kwa majina angekuwa na la kusema usiku ule. Jane hakufundishwa. Alikuwa na mjomba aliyemtakia mema hata kaburini, na hakuna mtu aliyemwonyesha namna ya kumwita. Kwangu mimi huo ndio uyatima wake, kuliko hata kufiwa na baba na mama.

Kule Lowood, shule ya bweni anakopelekwa ili aondoke machoni, nitapita upesi. Kuna njaa, baridi na uji ulioungua. Kuna mkubwa wa shule, Bwana Brocklehurst, anayemsimamisha juu ya kiti mbele ya wanafunzi wote na kumtangaza kuwa mwongo. Kuna mwalimu mmoja, Miss Temple, anayechunguza habari hiyo na kumsafisha jina mbele ya watu walewale. Kuna rafiki, Helen Burns, anayekufa kwa kifua kikuu huku Jane amelala kando yake amemkumbatia. Mwandishi, Charlotte Brontë, hakuhitaji kubuni mengi. Mama yake alifariki mwaka 1821, yeye akiwa na miaka mitano. Alipelekwa shule ya watoto wa makasisi huko Cowan Bridge pamoja na dada zake, na wakubwa wawili, Maria na Elizabeth, walirudishwa nyumbani wagonjwa wakafa mwaka 1825. Anayesoma sura ya kifo cha Helen anasoma kilio cha mdogo mtu.

Jane anakaa Lowood miaka minane, sita akiwa mwanafunzi na miwili akiwa mwalimu. Kisha anafanya jambo dogo ambalo kwa msichana wa wakati wake lilikuwa kubwa mno. Hana mtu wa kumwombea kazi, kwa hiyo anatoa tangazo gazetini kwa pesa zake mwenyewe. Anapata jibu moja tu. Analikubali, na anakwenda kumfundisha mtoto Adèle katika nyumba kubwa iitwayo Thornfield, kwa pauni 30 kwa mwaka. Mwenye nyumba ni Bwana Rochester. Wanapendana, anachumbiwa.

Sasa tazameni msichana huyu anavyofikiri. Bwana Rochester anataka kumnunulia hariri na vito, na kila anavyozidi kununua, Jane anazidi kujisikia vibaya. Anamwambia ataendelea kumfundisha Adèle na kupokea mshahara wake, na nguo zake atajinunulia. Anampenda mtu huyu sana. Lakini aliishi miaka tisa katika nyumba ambayo kila tonge lilikuja na masimango, na hataki kuingia katika ndoa kwa mlango uleule. Hapo anakumbuka kwamba ana ndugu wa baba yake kisiwani Madeira, John Eyre, mfanyabiashara, aliyewahi kumtafuta. Anaamua kumwandikia barua: mimi ni binti wa ndugu yako, nakaribia kuolewa.

Barua hiyo ndiyo inayomwokoa. Ilipofika Madeira, mwenyewe alikuwa kitandani akiumwa, na kwa bahati alikuwa na mgeni kutoka Jamaica aliyemjua Rochester vizuri sana, kwa sababu dada yake, Bertha, ndiye mke wa Rochester, mzima wa mwili, mgonjwa wa akili, amefungiwa chumba cha darini pale pale Thornfield. Ndugu wa baba hawezi kusafiri, anatuma wakili. Na kanisani, kasisi alipouliza kama kuna pingamizi, sauti ikajibu kutoka nyuma. Mara nyingi watu husema Jane aliokolewa na bahati. Mimi nasema aliokolewa kwa sababu alifanya kile ambacho bibi zenu wangemwagiza afanye: kabla ya kuolewa, wajulishe ndugu.

Anaondoka Thornfield usiku akiwa na shilingi 20, zote anampa mwendesha gari la farasi, na kifurushi chake anakisahau ndani ya gari. Analala nje nyikani. Anaomba kazi, anakataliwa. Anamwona mtoto akitaka kumwagia nguruwe uji baridi, anauomba, anapewa. Hatimaye, karibu na kufa, anaanguka mlangoni pa nyumba wanamoishi Diana, Mary na kaka yao St John Rivers. Wanampokea bila kumjua. Baadaye sana inatokea kwamba hao watatu ni watoto wa shangazi yake, na kwamba yule ndugu wa baba wa Madeira amekufa na kumwachia yeye Jane pauni 20,000.

Habari ya pesa inampa Jane uzito wa moyo na mawazo mengi. Habari ya ndugu inamfanya apige makofi kwa furaha. Anagawa urithi mafungu manne, pauni 5,000 kila mmoja, na St John akimkatalia kwamba sheria haimlazimishi, Jane hakubali kabisa. Alikuwa hana mtu wake duniani. Sasa ana ndugu watatu, na hawezi kuwatazama wakihangaika kutafuta riziki katika nyumba za watu huku yeye amekalia mali.

Kuna jambo kuhusu mali ambalo mnapaswa kulijua, ijapokuwa kitabu kinalitaja kwa haraka. Bertha alikuwa binti wa mwenye mashamba wa Jamaica, na mahari aliyoingia nayo kwa Rochester ilikuwa pauni 30,000. Mashamba ya miwa ya Jamaica yalilimwa na watumwa Waafrika hadi Uingereza ilipoukomesha utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya mwaka 1833. Jane alipomwita binamu yake msimamizi wa watumwa alikuwa akitafuta neno la kuuma. Kulikuwa na watoto wa umri wake ambao kwao halikuwa tusi, yalikuwa maisha, na mmoja wao alitoka upande huu wa dunia.

Njooni ukingoni mwa uwanda wetu wa juu, pale Newala panapoitwa Shimo la Mungu. Tazameni kusini: ardhi inaporomoka, Ruvuma inapita mbali chini, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Ukiufuata mto huo kwenda machweo siku nyingi, unaingia nchi za Wayao wa kale kuelekea Ziwa Nyasa. Huko alizaliwa Swema.

Baba yake Swema alikuwa mwindaji, akauawa na simba. Nzige wakala mashamba. Msiba ukafuata msiba, hata wakabaki mama na mwana, bila mwanamume wa ukoo aliye karibu wa kuwasemea. Myao ana neno mbumba, akina dada na watoto wao walio chini ya ulinzi wa kaka yao. Mwanamke aliyetengwa na mbumba yake alikuwa hatarini kuliko mkulima asiye na jembe. Mama Swema akakopa mtama kwa jirani. Mvuno ukakataa, deni likabaki. Msafara wa biashara ulipopita, mdai akaja kuchukua chake, na alichokichukua ni mtoto. Swema, wa miaka kama 10 hivi, umri uleule wa Jane nyuma ya pazia, akauzwa kwa kitambaa cha pamba.

Mlitegemea mama atalia na kubaki? Alimwendea mkuu wa msafara akamwomba amruhusu afuatane na mwanawe. Hakuwa na pesa ya kumkomboa. Alikuwa na mgongo. Akajitolea kubeba pembe ya ndovu hadi pwani, ujira wake uwe chakula tu na kumwona mtoto njiani. Wakamkubalia.

Misafara hiyo ilielekea Kilwa, na mingine ya aina hiyo ilipita Masasi kwenda Lindi na Mikindani, kwenye njia ambazo baadhi yake sasa ni barabara mnazopandia basi. Mama Swema alibeba mpaka nguvu zikamwisha. Alipoanza kuyumba, wakamwondolea pembe, na pamoja na pembe wakamwondolea chakula, maana asiyebeba hali. Mtoto aliona yote. Ikafika siku mama hakuweza kuinuka, na msafara hausubiri. Swema alitenganishwa naye kwa mjeledi, akaendeshwa mbele, na mama akaachwa porini.

Nimewasimulia mengi ya Jane, lakini kila nikifika hapa kwa Swema nasimama. Jane alitafuta mtu wa kumwita wake kwa mamia ya kurasa. Swema alikuwa naye, mtu aliyekubali kufa kwa kutembea, na hilo halikutosha, kwa sababu upendo wa mama mmoja hauwezi kupambana peke yake na deni, njaa na bunduki. Ndiyo maana wazee wa uwanda huu waligawanya kazi ya kumlea mtoto kwa watu wengi: mama, mama mkubwa, mama mdogo, bibi, mjomba. Kifo kimoja kisimwache mtoto uwanjani.

Kutoka Kilwa Swema alipakiwa katika jahazi lililojaa watu hadi Unguja. Ilikuwa karibu mwaka 1865, soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa bado wazi. Sultani Barghash alilifunga mwaka 1873. Mtoto alifika akiwa mifupa na ngozi. Mwenye mali alipoona hatapona, aliagiza azikwe. Akavingirishwa kwenye mkeka na kufukiwa kaburi la juujuu, akiwa hai. Kijana mmoja aliyepita karibu alisikia mguno ukitoka ardhini. Akafukua, akambeba hadi kwa masista Wakatoliki, ambao misheni yao ilifunguliwa Unguja mwaka 1860. Wakamlisha kidogo kidogo. Akaishi.

Tunajuaje haya yote? Swema aliyasimulia pale misheni, na Padre Anton Horner, mkubwa wa misheni hiyo, akayaandika kwa Kifaransa. Mwaka 1870 yakatoka kuwa kitabu huko Ufaransa, kwa ajili ya wasomaji Wakristo, na mwaka 1983 mwanahistoria Edward Alpers akayachapisha upya kwa Kiingereza pamoja na maelezo yake. Ndani yake Swema anasema mimi, mimi, kama Jane. Lakini wanangu, mkisoma habari ya mtu, ulizeni kalamu ilikuwa mkononi mwa nani. Charlotte Brontë aliishika kalamu mwenyewe: alibuni maneno yote ya Jane, ila alilificha jina lake, akachapisha kama Currer Bell, jina lisiloonyesha kama ni la mwanamume au la mwanamke, kwa kuwa waandishi wanawake walihukumiwa kwa mizani nyingine. Kwa Swema ilikuwa kinyume. Jina lake liko juu ya jalada, na maneno yamepita kwa padre aliyekuwa na wasomaji wa kuwagusa mioyo. Tunaweza kumsikia, lakini tunamsikia kupitia ukuta.

Hata kupitia ukuta huo, kuna jambo linasikika wazi. Masimulizi yanasema kwamba siku moja majeruhi aliletwa kwenye hospitali ya misheni, na Swema akamtambua: alikuwa mmoja wa wale waliompeleka pwani. Akaombwa amhudumie vidonda. Alikataa kwanza. Moyo ulikuwa unadai kisasi kwa ajili ya mama, na kitabu hakifichi kwamba vita hiyo ilikuwa ngumu. Mwisho akashika kitambaa na maji akaenda. Wamisionari waliona hapo ushindi wa dini yao, akabatizwa jina Madeleine. Mimi naona pia kitu kingine. Tangu mdai alipomshika mkono, hapo ndipo mara ya kwanza katika hadithi nzima Swema anaulizwa jambo na kusema hapana, na hapana yake inasubiriwa. Jane alipata siku nyingi za namna hiyo. Alimkatalia Rochester. Alimkatalia St John, aliyetaka kumwoa ili wakahubiri India bila kumpenda. Kisha akarudi kwa hiari yake kwa Rochester, mjane sasa na kipofu, nyumba yake imeungua, akaolewa naye akiwa na pesa zake na ndugu zake.

Na hapa kwetu? Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Waanglikana alitoka Zanzibar na kundi la watu waliookolewa utumwani, wanaume kwa wanawake. Mpango ulikuwa kusonga hadi upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya ile milima ya mawe, wale watu waliona nchi inafanana na walikochukuliwa, wakakuta watu wa lugha zao, wakataka kukaa hapohapo. Askofu akakubali. Wengi walikuwa wamechukuliwa wangali wadogo na hawakujua tena vijiji vyao viko wapi. Hawakuwa na mjomba wa kuitwa likija shauri. Kijiji cha Mbweni huko Unguja, ambako misheni ilikuwa na shule ya wasichana waliookolewa kutoka majahazini, kiliendelea kuleta bara walimu wa kike na wake wa walimu.

Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kama Magwangwara, waliivamia Masasi, wakaua na kuteka watu. Fikirieni mtu aliyetekwa utotoni, akaokolewa baharini, akajenga nyumba, kisha akasikia tena mbiu ya mateka. Chauncy Maples aliyeongoza misheni akawahamishia baadhi Newala, na Matola, mkuu wa Wayao pale juu, akawapa mahali. Wengine walirudi Masasi mambo yalipotulia. Walioana, wakazaa, na watoto wa wanawake wale wasiojua ukoo wao walihitaji kusema ni wa nani walipokwenda unyagoni na walipoposwa. Walimtaja mama. Kwa desturi ya uwanda huu, hiyo ilitosha kuanzisha ukoo, na wazao wao wako Masasi na Newala mpaka leo.